Siku Bartholomeo Alipoifungua Sauti ya Makoye

Ukifika Kihesa ukamuulizia Bartholomeo, utaulizwa kwanza Bartholomeo yupi, fundi baiskeli au wa projekta. Wa projekta ndiye huyu: mrefu, mkavu, koti la kaki masika na kiangazi, na begi jeusi begani ambalo hamwachii mtu alibebe, hata awe askofu. Zamani alikuwa dereva wa mradi fulani wa wafadhili. Mradi ulipofungwa, wenzake waligombania viti na makabati, yeye akaomba projekta. Walimcheka mpaka wakashika mbavu. Utaifanyia nini, utaipikia ugali? Leo hayo makabati yameliwa na mchwa, na hakuna send-off, kipaimara wala semina ya wajasiriamali inayofanyika bila Bartholomeo kuitwa, kuanzia Ilula mpaka Idodi.

Mkewe, Verediana, huiita ile mashine mke mdogo. "Mwenzangu ana shuka lake jeupe, ana begi lake, na kila siku anafutwa vumbi usoni," husema. "Mimi nani ananifuta?" Lugha hiyo Bartholomeo ameshaizoea. Kinachowagombanisha kweli ni hedifoni, yale makubwa ya kufunika masikio, anayoyavaa akiwa nyumbani anapanga picha za watu kwenye laptopu. Akiyavaa hayo, hajisikii mwenyewe anavyopaza sauti. Anaomba chai nyumba ya tatu wanasikia. "Bartholomeo, punguza!" Verediana humkemea. "Unaongea kama unauza nyanya pale Ilula basi limesimama!"

Sasa, mtu huyu ana masharti yake ya kazi, na masharti hayo ndiyo yaliyomponza. Kwanza umeme. Halafu projekta iwashwe peke yake, taa yake ipate moto. Ndipo waya, ndipo laptopu. Ukimsaidia ukaunganisha kwa mpangilio wako, hasemi kitu, anachomoa vyote na kuanza upya huku akiguna. Na sharti kubwa kuliko yote: kinachojaribiwa ni kile kile kitakachoonyeshwa, na kwa sauti ile ile. Hilo lilizaliwa kwenye harusi moja aliyojaribu mitambo kwa wimbo wa kwaya, ukatoka safi kabisa, lakini ilipofika zamu ya filamu ya maharusi, sauti ikagoma. Ilikuwa imekimbilia kwenye kijispika cha projekta yenyewe, kidogo kama kisoda. Bwana harusi akaonekana ukutani anafumbua mdomo na kuufumba, watu wakapiga miluzi. Siku ile Bartholomeo alitamani ardhi ipasuke. Toka hapo wimbo wa kujaribia hautaki kabisa.

Basi jioni moja nyumbani kwa Bartholomeo akaingia Violet, mwalimu wa shule ya msingi, jirani wa nyumba ya pili. Violet ni Msukuma, si Mhehe kama Bartholomeo. Wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka kaskazini kabla yeye hajazaliwa, wakaweka mji wao huko bondeni, upande wa Mbeya.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwalimu. Pita, kaa."

Alikaa, akaikumbatia simu yake kwa mikono miwili, akaeleza. Baba yake, mzee Makoye, alikuwa amefariki mwaka uliopita. Sasa familia inajenga kaburi na kuweka msalaba. Mama yake, Ng'washi, hakuwepo mzee alipougua. Alikuwa hapa hapa Kihesa, kwa Violet, anamlea uzazi. Ugonjwa ulikuwa wa ghafla. Simu ya kwanza ilisema baba anaumwa, ya pili ikasema njooni.

"Mama alifika mazishini, baba. Walimfungulia jeneza, sura akaiona," Violet akasema. "Lakini sauti hakuisikia tena. Mpaka leo ananiambia, sura mlinifungulia, na sauti nani atanifungulia? Na mimi nikimtazama najua, alikuwa kwangu. Alikuwa ananiogeshea mtoto."

Verediana, aliyekuwa anachambua maharage kwenye ungo, aliacha kuchambua.

Kwenye simu ya Violet kulikuwa na video aliyoipiga Krismasi ya mwisho ya mzee. Alishajaribu kumsikilizisha mama yake kwa simu ile ile, ikashindikana, maana masikio ya mama yamechoka. Ukimwekea simu sikioni anasikia kama mbu. Ndiyo maana alimtaka Bartholomeo na spika zake. "Nimeshamwahidi. Nimemwambia siku ya msalaba utamsikia baba."

Bartholomeo akaihamisha ile video kwenye laptopu wakaitazama wote watatu. Mzee amesimama mlangoni mwa zizi, koti la kijani lililochanika kwapani, fimbo mabegani. Anapiga mluzi mrefu, unapanda, unashuka, halafu anaanza kuita ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, Mabala, Bahati, Shida, na kila anayeitwa anapita mbele yake. Mwishoni anageuka kwenye simu, uso umekunjamana kwa jua, anasema neno kwa Kisukuma. Basi, imekwisha.

"Anasema nini hapo?" Bartholomeo akauliza.

Violet akacheka, macho yana maji. "Anamuuliza mama maji ya kuoga yako wapi. Mama alikuwa nyuma yangu, jikoni. Kila siku hivyo hivyo. Mchana kutwa hamsemeshi mtu, jioni anauliza maji."

"Wanaume!" Verediana akasema, akarudi kwenye maharage yake. "Hata kwenye video anadai maji."

Bartholomeo na Violet walisafiri siku moja kabla ya msalaba, basi la Mbeya, kisha pikapu ya kukodi iliyowapeleka bondeni katikati ya mashamba ya mpunga yaliyovunwa. Vumbi la Usangu si mchezo. Bartholomeo aliteremka mweupe mpaka nyusi, begi amelifunika kwa koti lake, yeye mwenyewe amebaki na shati.

Aliyewapokea ni Nkuba, kaka mkubwa wa Violet, aliyeachiwa mji na ng'ombe. Mtu wa maneno machache. Aliitazama projekta, akaitazama spika, akamtazama dada yake. "Baba amepumzika," akasema. "Mngemwacha." Lakini mama alikuwa ameshaahidiwa, na kwa mama yake Nkuba hapingi kitu.

Kesho yake ibada ikafanyika, msalaba ukawekwa, watu wakala wali na nyama mpaka wakalegeza mikanda. Picha zingeonyeshwa jioni, giza likianza kuingia. Nkuba alimwambia mgeni apumzike kivulini, kazi yake bado. Angempa kitanda cha dhahabu, Bartholomeo asingelala. Alishatundika shuka lake kwenye ukuta wa ghala la mpunga, akaliwekea mawe chini lisipeperuke, akavuta ekstensheni kutoka kwenye jenereta nyuma ya nyumba, akapanga meza. Jua lilikuwa bado kali, picha isingeonekana. Lakini sauti haingoji giza, ndivyo alivyowaza. Akaunganisha spika. Akakumbuka kwamba msikilizaji wake ni mama mwenye masikio mazito, akafungua sauti mpaka mwisho. Na kwa kuwa kinachojaribiwa ni kile kile kitakachoonyeshwa, akaifungua sauti ya Makoye.

Ule mluzi ulitoka pale ukaenda zake bondeni. Chini ya turubai watu waligeukia zizi. Mwanamke mmoja aliacha sahani ikamponyoka. "Mabala!" sauti ikaita. "Bahati! Shida!" Wazee wengine walivua kofia, wengine walianza kulia waziwazi. Bartholomeo, mimi nasema ukweli, wala hakuwatazama. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza kama kuna mkwaruzo. Hakukuwa na mkwaruzo. Safi. Akairudia tena ili ahakikishe.

Ilipokwisha mara ya pili akasikia kengele.

Kwetu Kihesa, ng'ombe ni mnyama wa kufungwa kamba kwenye banda la mabati, unampelekea majani na pumba. Bartholomeo alikuwa hajui kwamba ng'ombe anaweza kumtambua mtu kwa mluzi kutoka upande wa pili wa mbuga. Aliona vumbi kwanza. Halafu pembe. Kundi zima lilikuwa linakuja mbio kutoka kwenye mabua ya mpunga, mbele yao jike moja kuukuu la madoa, kengele shingoni inapigapiga, na nyuma kabisa Sayi, mdogo wake Nkuba, anakimbia na fimbo juu huku anapiga kelele ambazo hakuna ng'ombe aliyezijali. Hawakwenda zizini. Walikuja moja kwa moja kwenye spika.

Jamani! Turubai lilianguka upande mmoja. Sufuria la wali likapinduka. Wachungaji wawili wa ile ibada walikutana juu ya meza moja. Bartholomeo alikumbatia projekta yake kifuani, akapanda juu ya magunia ya mpunga, koti linapepea, anasema "Yesu na Maria" bila kupumua. Mtu mmoja akapata nafasi ya kumtania hata katika hali ile: "Mhehe, shuka, hawaumi!"

Lakini utani uliisha upesi, kwa sababu ya Mabala. Yule jike wa madoa alifika mbele ya spika akasimama. Akainusa. Akazunguka nyuma yake, akarudi mbele. Akatazama mlango wa zizi, hakuna mtu. Akainua kichwa akalia, mlio mrefu mzito, na wenzake wakaitikia. Wakalia hivyo kwa muda mrefu, wote, wamegeukia kile kiboksi cheusi. Bartholomeo akiwa juu ya magunia alitamani angebaki Kihesa.

Nkuba ndiye aliyewapeleka zizini, kwa shida, akiwasukuma kwa bega na kuwaita kwa sauti yake mwenyewe. Mabala aliingia wa mwisho, na alikuwa bado anageuka nyuma. Nkuba akafunga miti ya mlango, akaja mpaka kwenye meza. Hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka.

"Mgeni, mwaka mzima nimewafundisha hawa ng'ombe kuijua sauti yangu," akasema. "Miezi ya kwanza walikuwa hawali. Huyu Mabala alikuwa analala pale kaburini. Nimekaa nao, nimewaita kila jioni mpaka koo likauma. Leo walikuwa wananifuata. Sasa umewaambia baba yupo."

Bartholomeo akachomoa waya wa spika. Aliona aibu, na aibu ile haikuwa ya fundi aliyeharibu shughuli. Ilikuwa ya mtu aliyemdanganya mwenzake bila kukusudia.

"Sauti hiyo isifunguliwe tena hapa," Nkuba akasema. Wazee waliokuwa wanajikung'uta vumbi wakaitikia kwamba ndivyo.

Hapo ndipo Ng'washi alipotokea kutoka jikoni nyuma ya nyumba, mama mdogo mwembamba, anapangusa macho kwa kanga kwa sababu ya moshi. Aliona turubai limelala, akaona ng'ombe wamejaa zizini na jua bado liko juu. Akauliza nani amewarudisha saa hizi. Violet akamfuata, akamwinamia sikioni, akamweleza kwa Kisukuma, polepole. Bartholomeo hakuhitaji tafsiri. Aliuona ule uso ukipokea habari. Jenereta lilikuwa linanguruma karibu na jikoni, na masikio yake ndiyo hayo. Wageni wote walikuwa wamemsikia Makoye. Ng'ombe walikuwa wamemsikia. Ni mkewe tu aliyekuwa hajamsikia.

Akasema neno moja, akageuka, akarudi jikoni.

"Amesema nini?" Bartholomeo akauliza.

"Amesema, basi," Violet akajibu. Akakaa chini palepale kwenye vumbi, na nguo yake ya ibada.

Sasa ungekuwa wewe ungefanyaje? Bartholomeo alianza kukunja nyaya. Mtu mwingine angekuwa anapanga maneno ya kujitetea, yeye alikuwa anamfikiria yule mama anavyokoroga sufuria kule ndani. Alikunja waya wa spika, akakunja ekstensheni moja, akafungua begi ili aviweke, na chini kabisa ya begi mkono wake ukagusa hedifoni. Yale yale ya ugomvi wa Verediana. Akayashika, akayatazama. Kisha akaenda zizini alikosimama Nkuba, na ingawa bado aliziogopa zile pembe, alisimama karibu kabisa na miti ya mlango.

"Kaka Nkuba," akasema. "Nimekosa. Sikujua, na kutojua hakukusaidii wewe. Lakini mama yako ameahidiwa. Hiki hapa ukikivaa sauti inaingia masikioni mwako peke yako. Mimi mwenyewe nikikivaa, mke wangu aliyekaa pembeni hasikii kitu. Ng'ombe hawatasikia."

Nkuba aliyageuzageuza yale madude mikononi. "Na kikichomoka?"

Swali la mtu anayejua kazi, Bartholomeo alikubali moyoni. Kweli, waya wa hedifoni ukichomoka, sauti hurudi kwenye spika. "Basi tusiwe na spika," akasema. "Ichukue, kaifungie unapotaka. Na ile ndogo ya projekta nitaizima, utaona kwa macho yako."

Nkuba aliibeba ile spika begani, nzito vile, akaipeleka mpaka ndani ya nyumba yake, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni.

Turubai lilisimamishwa tena, na jua lilipozama tu na anga kubaki na wekundu kidogo, Bartholomeo aliwasha. Kwanza umeme. Projekta, mpaka feni yake ikavuma sawasawa. Waya. Laptopu. Picha ikaja imepinda, upande mmoja mpana kuliko mwingine. Akaingiza kibanzi cha kuni chini ya mguu wa projekta, ikakaa. Waya wa hedifoni ulikuwa mfupi, kwa hiyo Ng'washi asingeweza kukaa mbele na wazee. Bartholomeo alimpa kiti chake mwenyewe pale mezani, kando ya mashine. Ng'washi hakutaka kukaa. Violet alimbembeleza kama mtoto, akamvua kilemba, akamvika yale madude, yakamfunika nusu ya uso. Ng'ombe walikuwa wamelala, unasikia wanavyotafuna.

Akabonyeza.

Makoye akasimama ukutani, mkubwa kuliko alivyokuwa, koti limechanika kwapani. Alibana midomo akapiga mluzi ambao hakuna aliyeusikia. Watu waliona tu mashavu yanavyojaa na kubonyea. Akaanza kuita, na ng'ombe wa ukutani wakapita mbele yake kimyakimya. Mabala wa kweli hakuinuka.

Bartholomeo alikuwa anamwangalia Ng'washi. Mluzi ulipoanza, yule mama aliruka kidogo kwenye kiti, mikono yote miwili ikaenda masikioni ikayagandamiza yale madude yasitoke. Akafunga macho. Bartholomeo alitaka kumgusa bega amwambie mama tazama, sura yake ile pale. Akajizuia. Sura alishafunguliwa.

Kule ukutani mzee alimaliza ng'ombe wake, akageuka, uso umekunjamana kwa jua, akasema lile neno lake. Wageni waliona midomo inatikisika.

Na Ng'washi, macho yamefungwa, akajibu. Alijibu kwa sauti kubwa, kubwa sana, kama wanavyofanya wote wenye hedifoni, kama wanavyofanya Ilula basi likisimama, ikasikika mpaka nyuma ya ghala. Alijibu kwa lugha yake, na sauti haikuwa ya kilio hata kidogo. Ilikuwa ya mwanamke aliyeshughulika jikoni na anayeona anasumbuliwa.

Watu chini ya turubai walijifunika nyuso. Nkuba, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa zizi na fimbo mkononi tayari kwa lolote, aliinamisha kichwa kwenye miti ya mlango akabaki hivyo.

"Amesema nini?" Bartholomeo akamnong'oneza Violet.

Violet akamsogelea. "Amesema, nimeshayaweka. Njoo kabla hayajapoa."

Bartholomeo akainama, akajifanya anarekebisha kile kibanzi cha kuni kilichokuwa kimekaa vizuri tangu mwanzo.

Ng'washi hakuomba airudie. Alivua hedifoni mwenyewe, akayaweka mezani taratibu, akafunga kilemba chake. Alitazama huku na huku kama mtu aliyetoka safari akakuta wageni nyumbani. Macho yakatua kwa Bartholomeo: nyusi nyeupe kwa vumbi, shati limegandamana, kola nyeusi. Akashtuka. Akamgeukia mwanawe mkubwa, na safari hii alisema Kiswahili, ili na mgeni asikie.

"Nkuba! Huyu baba kafanya kazi toka asubuhi, na mpaka sasa hajapewa maji ya kuoga? Mnanitia aibu gani?"

Angeweza kwenda dada yeyote, jikoni walikuwa wamejaa. Alikwenda Nkuba mwenyewe. Alirudi na ndoo inayofuka mvuke, akaipita meza, akaipeleka mpaka bafuni, kile kijumba cha mabati kilicho nyuma ya zizi. Akaweka sabuni juu ya jiwe, akatundika taulo ukutani.

"Karibu, baba," akasema. Ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo.

Bartholomeo akazima mashine, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi akaiacha mezani bila kuifunika. Akaingia bafuni. Upande wa pili wa mabati alimsikia Nkuba akiwapitia ng'ombe, anawaita kwa majina, polepole, kwa sauti yake yenye kukwaruza, na Mabala alipoitwa, kengele ikalia mara moja. Bartholomeo alisimama akaisikiliza mpaka akakumbuka ndoo iliyokuwa miguuni pake. Akavua koti na shati, akaoga upesi, kabla maji hayajapoa.